Kijiji Kilichoachwa na Reli

Iko desturi miongoni mwetu sisi makarani ya kudhani kwamba jambo lisiloandikwa daftarini halipo. Mtu asiye na cheti hakuzaliwa. Shamba lisilo na nambari halina mwenyewe. Na kijiji kisicho na ofisi wala muhuri si kijiji, bali ni nyumba chache zilizokutana njiani. Mimi nami ni mtu wa daftari, wala sidharau kazi inipatiayo unga. Lakini nataka kuwapa habari za kijiji kimoja cha wakulima ambacho hakina meya, hakina baraza la mji, hakina posta wala stesheni, na wakazi wake wote wangeweza kupanda basi moja na nafasi ikabaki. Nacho kimedumu zaidi ya miaka 140. Jina lake ni Nicodemus, na kipo katika jimbo la Kansas, katikati ya nchi ya Marekani.

Huenda mtu akauliza: Kansas na sisi wapi na wapi? Nitamjibu kwamba nilianza kutafuta habari za kijiji hiki kwa sababu ya shauri lililozuka kwetu nyumbani, nalo nitalieleza mbele. Kwanza tuwasikilize wenzetu wa mbali, maana wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Utumwa ulikomeshwa na sheria katika Marekani yote mwaka 1865, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Watu weusi wa majimbo ya kusini walipata uhuru, lakini hawakupata ardhi. Wengi walibaki wakilima mashamba ya mabwana zao wa zamani na kugawana nao mavuno, na mwisho wa mwaka hesabu ya deni ilikuwa mkononi mwa yule mwenye shamba. Mwaka 1877 majeshi ya Serikali Kuu yaliyokuwa yakiwalinda yaliondolewa kusini, na waliokuwa na macho waliona siku mbaya zinakuja. Basi, wakaanza kuulizana: je, hakuna mahali ambapo mtu mweusi aweza kulima chake?

Mahali palikuwapo, au angalau sheria ilisema hivyo. Mwaka 1862 Marekani ilikuwa imetunga sheria ya mashamba, ambayo iliruhusu mtu kutwaa eka 160 za ardhi ya Serikali kwa ada ndogo. Sharti lilikuwa kwamba akae juu ya ardhi hiyo, ajenge, na alime kwa muda wa miaka mitano. Akitimiza, alipewa hati, na ardhi ikawa yake na ya watoto wake. Haki hainyamazi, kwa hiyo niseme pia kwamba ardhi hiyo haikuwa tupu tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Ilikuwa nchi ya wenyeji wa asili, ambao walikuwa wamesukumwa mbele na kufungiwa katika maeneo mengine. Neno hili sisi wa Kenya hatuna haja ya kufundishwa maana yake.

Katika mwezi wa Aprili mwaka 1877 watu weusi wachache wakaungana na Mzungu mmoja, W. R. Hill, aliyekuwa mtu wa biashara ya viwanja, wakaanzisha kampuni ya kujenga mji. Rais wa kampuni alikuwa mhubiri mweusi, W. H. Smith, na mwandishi wake alikuwa mhubiri mwingine, Simon Roundtree. Walichagua mahali karibu na Mto Solomon, upande wa kaskazini magharibi ya Kansas, wakapaita Nicodemus. Wengine husema jina hilo ni la mtumwa mmoja wa hadithi aliyejinunulia uhuru wake. Wengine hukumbuka yule mkuu wa Wayahudi aliyemwendea Yesu usiku kuuliza mtu azaliwaje mara ya pili. Majina yote mawili yawafaa watu waliotaka kuanza upya.

Matangazo yakapelekwa Kentucky na mahali pengine, yakiisifu nchi mpya kwa maneno matamu. Watu kama 30 walitangulia mwezi wa Julai. Mwezi wa Septemba likaja kundi kubwa la watu wapatao 300, wengi wao kutoka pande za Lexington katika Kentucky. Walisafiri kwa gari la moshi mpaka mji wa Ellis, kisha wakashika njia kwa miguu na mizigo yao na watoto wao, mwendo wa maili zaidi ya 30 katika nyika.

Walipofika hawakuona mji. Waliona mbuga isiyo na mti ila kandokando ya mto, upepo usiotua, na wenzao waliotangulia wakiishi ndani ya ardhi. Maana mbao hazikuwapo, nao walichimba mashimo ubavuni mwa vilima, wakaezeka juu kwa matawi na udongo, wakaishi humo kama fuko. Ipo habari ya mama mmoja, Willianna Hickman, aliyefika pamoja na mumewe, mchungaji, katika mwaka 1878. Alikuwa mgonjwa kwa uchovu wa safari. Wanaume waliokuwa mbele wakapiga kelele za furaha kwamba Nicodemus kinaonekana. Akainuka atazame, asione nyumba hata moja; akauliza mji uko wapi. Mumewe akamwonyesha moshi unaofuka kutoka ardhini. Mama yule alisimulia uzeeni mwake kwamba alianza kulia papo hapo.

Wengi walikata tamaa wakarudi walikotoka, wala siwalaumu. Yasimuliwa ya kwamba walikuwako waliomtafuta bwana Hill kwa hasira, naye akajificha. Waliobaki waliingia katika majira ya baridi bila mavuno, kwa kuwa walifika wakati wa kupanda umepita. Plau zilikuwa chache na farasi wa kuzivuta wachache vile vile. Wengi walivunja ardhi ile ngumu kwa majembe ya mkono na sepetu. Viongozi wao walikwenda huku na huku kuomba chakula na mbegu kwa watu wema. Na masimulizi ya kijiji yanasema kwamba katika baridi ile ya kwanza walipita watu wa kabila la Osage wakitoka kuwinda, wakawagawia nyama. Waosage hao wenyewe walikuwa wameondolewa Kansas miaka michache kabla ya hapo. Aliyenyang'anywa nchi alimlisha aliyekuwa ametoka utumwani. Jambo hili nimelifikiri sana, nami naona lingefaa kuhubiriwa makanisani mwetu.

Basi, wakadumu. Wakalima ngano na mahindi. Wakajenga nyumba za matabaka ya udongo wenye mizizi ya nyasi, na baadaye nyumba za mawe ya chokaa. Zachary Fletcher akafungua duka na posta, na mkewe, Jenny, akawafundisha watoto kusoma katika shimo lao. Makanisa yakasimama, la Wabaptisti na la Wamethodisti. Ilipofika miaka ya 1880 na kitu, kijiji kilikuwa na maduka kadhaa, hoteli, benki, mhunzi, timu ya mchezo wa besiboli, na magazeti mawili: moja lilianza mwaka 1886 na la pili mwaka 1887. Wazazi wa watu wale walikuwa wamekatazwa kujua hata herufi moja. Watoto wakawa na magazeti mawili ya kubishana.

Hapa naomba ruhusa nimtaje karani mwenzangu. Edward McCabe alizaliwa katika jimbo la New York mwaka 1850, akafanya kazi ya ukarani New York, kisha Chicago katika ofisi ya hazina ya wilaya. Mwaka 1878 akaja Nicodemus. Wilaya ya Graham ilipoundwa mwaka 1880, gavana alimteua kuwa karani wa wilaya wa muda, na mwaka uliofuata watu wakamchagua kwa kura. Mwaka 1882 alichaguliwa kuwa Mkaguzi wa Hesabu wa jimbo zima la Kansas, na mwaka 1884 akachaguliwa tena. Katika jimbo hilo hakuna mtu mweusi aliyekuwa amechaguliwa kushika cheo kama hicho kabla yake. Mtu aliyetoka katika kijiji cha mashimo alikagua vitabu vya fedha vya jimbo. Nilipoyasoma hayo niliweka kalamu chini nikatazama daftari zangu kwa heshima mpya. Maana kumbe kalamu yaweza kumfikisha mtu mbali, ikiwa mkono unaoishika ni mwaminifu.

Sasa nafikia jambo lenyewe. Siku zile kijiji cha nyikani kilikuwa hai au mfu kwa neno moja tu: reli. Palipopita reli ngano ilipata soko, mbao zilipatikana kwa bei nafuu, na wageni walishuka wakiwa na fedha. Wakulima wa Nicodemus walijua hivyo. Mwezi wa Machi mwaka 1887 wakapiga kura kukubali kutoa dola 16,000, kwa njia ya mkopo wa umma, ili kampuni ya reli ya Missouri Pacific ilete njia yake kwao. Fikiri, msomaji, watu waliokuja kwa miguu miaka kumi nyuma, wakijifunga kulipa fedha zote hizo! Ilikuwa ni imani kubwa.

Reli ile haikuja. Kampuni nyingine, Union Pacific, ilijenga njia yake mwaka 1888, lakini ng'ambo ya mto, upande wa kusini, maili chache tu kutoka kijijini. Kambi ya wajenzi wa reli ikageuka kuwa mji, ukaitwa Bogue. Wenye maduka wa Nicodemus walikaa wakingoja, wakaona wateja wanapungua, wakafunga bidhaa zao mmoja mmoja wakavuka mto. Wengine walipakia hata majengo yao wakayakokota mpaka huko. Magazeti yote mawili yakanyamaza. Hata McCabe alikuwa ameondoka. Mwishoni mwa miaka ile alielekea Oklahoma, akashiriki kuanzisha mji mwingine wa watu weusi, Langston.

Wasomaji wetu hawataona jambo hili kuwa geni. Machakos palikuwa makao ya Serikali kabla Nairobi haijawa kitu. Lakini reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipita kando yake, na mwaka 1899 makao yakahamishiwa Nairobi, ambapo palikuwa kituo cha reli kwenye tope. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na njiani iliacha miji kama mbegu zinazodondoka mfukoni. Mahali pasipodondoka mbegu paliitwa porini, ingawa watu walikuwapo siku zote wakilima na kuoza binti zao.

Je, Nicodemus kilikufa? Wengi walitazamia hivyo. Kiliacha kuwa mji wa biashara, lakini kilibaki kuwa jamii ya wakulima, kwa sababu moja ambayo nataka kila msomaji aishike: duka laweza kuvuka mto, shamba haliwezi. Waliokuwa na hati za eka zao walibaki juu ya eka zao. Waliendelea kupanda ngano, kwenda kanisani, kuoana, na kuzika wafu wao katika ardhi yao wenyewe. Mwaka 1918 wakajenga shule nyingine. Ikaja miaka ya 1930 na kitu, na ukame wa kutisha, na tufani za vumbi zilizofunika jua mchana, na bei ya mazao ikaanguka. Hesabu ya mwaka 1935 ilionyesha wakazi 76 tu kijijini. Hata hivyo, katika mwaka 1939, kwa msaada wa mpango wa Serikali wa kuwapa watu kazi, walijenga ukumbi wa mawe wa kukutania. Mwaka 1950 walihesabiwa wakazi 16. Mwaka 1953 posta ikafungwa.

Kwa desturi ya sisi makarani, hapo ndipo mstari mwekundu ungepigwa na jina likafutwa. Katika Marekani mji huwa mji kamili kisheria ukiwa na hati ya kujitawala, na meya, na haki ya kutoza kodi zake. Nicodemus hakina. Mambo yake yamo mikononi mwa wilaya, ambayo makao yake ni mji wa Hill City, na mikononi mwa tarafa ndogo yenye ukumbi ule wa mawe. Katika daftari za miji, basi, ni mahali palipotajwa tu.

Lakini ipo daftari nyingine. Tangu siku za kwanza watu wa Nicodemus walikuwa na sikukuu ya ukombozi, waliyoifanya karibu na tarehe 1 Agosti, siku ambayo utumwa ulikomeshwa katika makoloni ya Waingereza mwaka 1834. Walikuwa wakila pamoja, wakishindana michezo, wakihubiriwa na kucheza. Vijana walipotawanyika kutafuta kazi Denver na Kansas City na California, walizoea kurudi siku hizo. Sikukuu ikawa siku ya kurudi nyumbani, nayo hufanywa hata sasa mwishoni mwa mwezi wa Julai. Kijiji chenye wakazi wasiofika 30 hujaa wajukuu na vitukuu kutoka kila upande, na wazee huwaonyesha watoto: hapa palikuwa shimo la babu yako, pale ndipo alipovunja ardhi kwa jembe. Mwaka 1976 Serikali ya Marekani ilikitambua kijiji kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa, na mwaka 1996 majengo yake matano ya zamani yakatiwa katika uangalizi wa idara ya hifadhi za taifa: makanisa mawili, shule, hoteli, na ukumbi.

Sasa nilete shauri la kwetu. Nyumbani kwetu ni ukingo mmoja wenye nyumba kama 60, mashamba madogo, kanisa, shule ya msingi, na eka mbili za jamii zilizotengwa na wazee zamani kwa ajili ya soko na mikutano. Tulitazamia kwamba barabara ya lami itapita kwetu. Vigingi vilipigwa, watu wakapaka rangi maduka yao. Barabara ikapita ukingo wa ng'ambo. Sitaki kusema ni nani aliyeamua na kwa nini, maana hilo halirudishi lami. Muda si muda maduka mawili yakahama, kinu cha kusagia kikafuata, na vijana wakaanza kusema kwamba kwetu pamekwisha. Wakaleta shauri kwamba eka mbili za jamii ziuzwe, na wenye mashamba wauze pia, fedha zinunue viwanja kando ya lami.

Ukoo ulikutana baada ya mavuno. Baba yangu mkubwa, ambaye ndiye mzee wetu, alinigeukia akasema, "Mwanangu, wewe ndiwe tuliyekuuzia mbuzi usome kwa mapadri. Vitabu vinasemaje?" Nikawasimulia habari za Nicodemus, kama nilivyowasimulia ninyi. Walisikiliza kwa utulivu mpaka nilipofika kwenye hesabu ya mwaka 1950. Hapo binamu yangu mmoja, kijana mwenye akili na ulimi, akacheka akasema, "Watu kumi na sita! Ndugu yetu, hicho ndicho kijiji unachotusifia? Hata ugomvi wa maana hauwezi kuwapo kwa watu kumi na sita."

Watu wote walicheka, na mimi nilicheka. Lakini swali lake lilikuwa la haki, na tangu siku ile nimeendelea kulijibu moyoni. Sisemi kwamba kijiji kisipate barabara, au kwamba umaskini ni kitu kizuri kikiwa na historia. Watu wa Nicodemus hawakuikataa reli. Waliitaka hata wakakubali kujitia deni. Wala sisemi kwamba waliohama walifanya vibaya. Mtu huenda penye chakula cha watoto wake. Ninalosema ni kwamba kuhama ni jambo moja, na kuuza mahali pa kurudi ni jambo lingine. Wale 16 hawakuwa mabaki ya kijiji, bali walikuwa walinzi wa mlango. Wao walibaki na makaburi na makanisa na hati za mashamba, na kwa sababu yao maelfu ya wazao waliotawanyika wana neno la kujibu wakiulizwa, "Kwenu ni wapi?"

Tena tutazame upande wetu wa pwani. Miaka miwili kabla ya Nicodemus, yaani 1875, Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza kilianzisha Frere Town, karibu na Mombasa, kiwe makao ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Nao walikuwa watu waliotoka utumwani wakaanza upya, wakajifunza kusoma na kazi za mikono, na kengele yao ingali ikisimama kuwashuhudia. Lakini ardhi ya Frere Town ilinunuliwa na misheni, na aliyekaa juu yake alikaa kwa ruhusa. Mkulima wa Nicodemus alikaa kwa hati yake mwenyewe. Sitaki kuzidharau wema wa waliowaokoa wale wa Frere Town. Nasema tu kwamba tofauti kati ya ruhusa na hati huonekana kwa wajukuu, si kwa babu.

Baba mkubwa hakucheka na wengine. Alikaa kimya akichezea fimbo yake, kisha akamwuliza yule binamu yangu, "Ukishauza, ukazeeka huko kando ya lami, utazikwa wapi? Katika kiwanja cha futi hamsini kwa mia, nyuma ya duka?" Kijana hakujibu. Mama mmoja, mjane, akasema neno lililonigusa zaidi ya yote: kwamba wanaume wazungumza habari za kuhama na kubaki kana kwamba shamba ni lao peke yao, hali mikono iliyolipalilia ni ya wanawake, na hakuna mwanamke hata mmoja aliyeulizwa. Ndipo mkutano ukaanza kuwa mkutano kweli.

Shauri halikumalizika siku ile. Lililokubaliwa ni mambo matatu. Kwanza, eka mbili za jamii zisiuzwe, bali ziandikishwe vizuri kwa jina la jamii, ili asije mtu mmoja akaziuza usiku. Pili, atakaye kwenda kando ya lami aende, lakini kabla ya kuuza shamba aulize kwanza nduguze kama wako tayari kukodisha au kununua. Tatu, kila mwaka, juma moja kabla ya Krismasi, wote waliotoka warudi, wale pamoja, wafagie makaburi, na kila nyumba itoe kitu kidogo kwa ajili ya shule. Nyumba tatu zimekwisha kuuza. Sikuwanyima mkono wa kwaheri. Binamu yangu amefungua duka ng'ambo, na linakwenda vizuri. Shamba lake hakuliuza. Amelikodisha kwa yule mjane, naye ameotesha viazi na maharage humo.

Mimi nimepewa kazi moja, nayo ni ya kikarani. Nimenunua kitabu kikubwa chenye jalada gumu, na kila ninapopata likizo naketi na mzee mmoja au mama mmoja, naandika: nani alifika kwanza katika ukingo wetu, alitoka wapi, alipewa ardhi na nani, mwaka gani wa njaa walikula nini, nani alitoa miti ya kujenga kanisa, nani alikuwa mwalimu wa kwanza. Yanayopingana nayaandika yote mawili. Yasiyopendeza nayaandika vile vile, hata habari za watu waliokuwa wakikaa hapo kabla yetu, kwa kuwa historia inayoanza na sisi tu ni nusu ya historia. Wazee wawili niliokuwa nimeanza nao wamekwisha fariki, na kurasa zao ndizo nzito kuliko zote.

Ndugu wasomaji, vijiji vyetu vingi havimo katika ramani za ukutani. Barabara zitapita karibu na vingine, na vingine zitaviacha, wala hakuna ahadi ya kampuni au ya mkuu yeyote iwezayo kuzuia hilo. Lakini watu wa Nicodemus wametuonyesha vitu ambavyo reli haikuwachukulia: hati ya ardhi mkononi, nyumba ya ibada na ya shule zilizojengwa kwa nguvu zao, siku moja katika mwaka ya kurudi, na masimulizi yanayopita kutoka mdomo wa mzee hadi sikio la mtoto. Kila kijiji chaweza kuwa na vitu hivyo, hata kama hakina muhuri. Basi, yeyote kati yenu ajuaye kusoma na kuandika na achukue kitabu na kalamu, aende kwa mzee wake mapema, kabla jua halijashuka. Asiyejua alikotoka hajui aendako.